Ufunguo wa Chumba cha Kompyuta

Jumatatu, 8 Julai
Baridi ya mji wetu wa Ballarat imeingia mifupani. Klabu yetu ya kuviringisha tufe ina chumba kimoja tu chenye hita: cha kompyuta. Ufunguo anao Noelene Tranter, mwangalizi wa kompyuta mwaka wa tisa sasa. Ijumaa ni uchaguzi wa nafasi hiyo. Nagombea. Ni kwa manufaa ya klabu.

Jumanne, 9 Julai
Nimeandika skripti. Mistari minne ya amri, dirisha jeusi, na kompyuta inataja yenyewe kila sasisho ililowekewa, pamoja na tarehe. Nimeijaribu nyumbani. Ikaandika orodha kwenye flashi bila kusita. Sikuisoma. Jaribio tu.

Jumatano, 10 Julai
Noelene alikuwa jikoni akikata lamingtoni, vile vikeki vya chokoleti na nazi, za chai ya saa nne. Mlango kauacha wazi! Nikachomeka flashi, nikaendesha skripti. Maandishi mekundu yakapita, dirisha likajifunga. Kompyuta imeona haya, nikadhani. Orodha ilikuwamo kwenye flashi. Sasisho la mwisho: Machi, mwaka juzi. Nimechapisha nakala kumi na mbili. Mwenyekiti wetu, Merv Kettlewell, aliuliza mbona natabasamu. Nikamwambia ni hali ya hewa.

Ijumaa, 12 Julai
Niligawa karatasi. Nikazungumza dakika kumi kuhusu uzembe. Noelene akavaa miwani, akasoma safu ya kwanza, inayotaja jina la kompyuta iliyokaguliwa.

“Hernán, hii Valparaíso ndiyo wapi? Klabu imehama tusiambiwe?”

Ni mji wa kwetu ng’ambo, nilikoondoka mwaka 1974 na sanduku moja. Ni jina la kompyuta yangu ya nyumbani pia. Noelene akaeleza, kwa upole ulioniuma kuliko kejeli, kwamba kompyuta ya klabu ameizuia isiendeshe skripti ngeni. Orodha ilikuwa ile ya Jumanne.

“Umejishtaki mwenyewe, mzee,” akasema Merv, “tena kwa nakala kumi na mbili.”

Kura: Noelene kumi na moja, mimi moja. Noelene alinifungia lamingtoni mbili za kubeba.

Jumamosi, 13 Julai
Nimetafakari. Kosa nimeliona: safu ya kwanza. Asubuhi nimebadilisha jina la kompyuta yangu. Imeitwa Valparaíso miaka sita. Kidole kilisita kabla ya kubonyeza. Sasa inaitwa KLABU.

Ilipowaka upya iliomba ruhusa ya kuweka masasisho arobaini na moja. Nimeikatalia. Nataka yakosekane hadi uchaguzi wa mwakani.