Bastola Moja, Majimbo Sita na Harusi

Jumatano, 11 Juni. Maryville, Tennessee.

Chati imekamilika! Wiki tatu nzima. Majimbo sita kutoka hapa kwangu mpaka New Jersey, kila moja na rangi yake. Kijani: bastola kiunoni chini ya shati, hakuna wa kuniuliza. Nyekundu: risasi zitolewe, bastola ifungiwe kisandukuni, kisanduku kikae kwenye buti la gari. Macho yananiwasha kwa kusoma sheria. Hakuna majimbo mawili yanayosema kitu kimoja. Nimechoka hata kabla ya kuondoka.

Jumamosi saa nane mchana namsindikiza Maribeth, binti yangu wa pekee, mpaka madhabahuni. Leo kapiga simu kuuliza kama suti imerudi kwa dobi. Kisha akasema, baba, nakuomba, hiyo bastola iache nyumbani, huku siyo Tennessee. Nikamwambia asiwe na wasiwasi. Sikumdanganya, sikusema naiacha. Akaongeza kwamba nikichelewa, Wendell atanishikia nafasi. Wendell! Mume mpya wa mama yake, karani mstaafu wa mahakama, mtu anayekula pizza kwa kisu na uma. Thubutu! Labda niwe nimekufa.

Alhamisi, 12 Juni. Virginia.

Kijani. Siku nzima kiunoni, na nyonga inaniuma kweli kweli. Miaka kumi na tisa naibeba, sijawahi kuhitaji hata kuigusa.

Mkahawani, kibao mlangoni: silaha marufuku. Nikarudi garini, nikaivua, nikaifungia. Nikala mayai. Nikarudi, nikaivaa. Mama mmoja aliyekuwa ameegesha karibu akaniuliza kama mkanda umekatika, maana mumewe anao wa ziada. Nikamshukuru, aibu tupu.

Wendell kapiga simu. Eti mzee, umefika wapi, endesha taratibu, huku tunakusubiri kwa hamu. Ananichimba huyo. Nikamjibu kwa adabu, nikakata simu.

Ijumaa, 13 Juni. Easton, Pennsylvania.

Asubuhi barabara ilinipitisha West Virginia, Maryland na Pennsylvania kabla kahawa yangu haijapoa. Mtu utafanya nini? Nilisimama kituo cha mafuta West Virginia, nikatoa risasi, nikafungia. Maryland nyekundu, nikaendesha kama nimebeba trei ya mayai. Dakika kumi na mbili tu! Pennsylvania kijani, nikasimama, nikavaa tena. Mgongo hoi.

Lakini sasa nina mpango kabambe. Moteli hii iko upande huu wa mto. Ng'ambo ni New Jersey, nyekundu ya kuiva. Kesho bastola itabaki hapa kwenye sefu ya chumbani, na mimi nitavuka daraja msafi kabisa. Nimelipia na usiku wa kesho, kwa ajili ya bastola. Binti wa mapokezi kaniuliza tuko wageni wangapi. Nikajikuta nafikiri kwanza kabla ya kujibu.

Jumamosi, 14 Juni.

Sina nguvu ya kuandika. Naandika hivyo hivyo.

Saa saba na dakika ishirini nilikuwa kanisani. Wa kwanza! Wendell alikuwa mlangoni, akaniambia nimependeza, akanibandika ua kifuani kwa mikono yake mwenyewe. Nikatia mkono mfuko wa koti kutafuta leso ya kufuta jasho. Nikagusa chuma. Lahaula! Magazini ya akiba! Risasi kumi za ncha yenye tundu, zile ambazo jamaa wa uwanja wa shabaha wanasema New Jersey zinatosha kukufikisha kizimbani hata bila bastola. Chati inasema habari za bastola. Risasi peke yake? Haisemi. Wiki tatu, na risasi nilizisahau!

Wendell akaona uso wangu, akaona na mfuko. Akashusha sauti, mzee, tulia, kazifungie kwenye buti, uingie ndani, mengine tutajua baadaye. Tulia! Karani wa mahakama anakwambia utulie kwenye jimbo jekundu, nawe utulie? Nikaona mtego. Nikawasha gari.

Nusu saa mpaka moteli. Magazini kwenye sefu. Nusu saa kurudi, na lori limekwama darajani. Nafika, kengele zinalia, watu wanatoka, maharusi wanarushiwa maua.

Maribeth alikuwa amenisubiri mlangoni dakika ishirini, akachungulia barabara mpaka mchungaji akaja kumwita. Ndipo akashika mkono wa Wendell.

Hakunigombeza. Aliniuliza tu, baba, kanisani kwangu ulikuwa unamwogopa nani? Wendell alinisogezea kiti na sahani ya keki, na hilo ndilo liliniuma zaidi. Nililia garini, peke yangu, na suti yangu.

Jumanne, 17 Juni. Maryville.

Nimefika. Mwili wote unauma.

Maribeth amepiga simu. Amenisamehe! Anataka Novemba nikale nao bata mzinga wa Sikukuu ya Shukrani, nilale kwao siku tatu. Sharti lake ni moja: nije mimi mwenyewe, bila chuma chochote mwilini. Nikamwapia kwamba nimekoma, sirudii, safari hii nakwenda kama baba wa watu. Alilia kwa furaha, maskini.

Alasiri nikapita duka la bunduki, kuwaaga tu. Wana bastola mpya, nyembamba, plastiki karibu tupu, inaenea kiganjani. Nimeichukua. Nimekaa nayo kiunoni tangu saa kumi, nimeinama, nimekaa, nimepanda ngazi. Haki ya Mungu, ni kama sijabeba kitu.