Nyumba ya Geti la Kijani

Jumatatu, tarehe 3 mwezi wa sita

Nimeamua. Nakuwa mpelelezi! Claire ameomba talaka tribunalini. Sawa, aombe. Lakini anataka na Délice, mtoto wetu wa miaka tisa, ambaye kwa sasa analala kwangu Jumamosi tu. Hapo hapana! Nikimwonyesha jaji kwamba Claire ana mwanaume, mtoto ni wangu. Na mwanaume yupo. Jirani yangu Pudentienne amemwona Claire akiingia mara kwa mara kwenye nyumba ya geti la kijani, kule Kavimvira. Nyumba ya nani? Pudentienne hajui. Mimi nitajua. Leo sikutengeneza simu hata moja ya wateja.

Alhamisi, tarehe 6

Nimekaa kwenye nganda, baa inayotazamana na geti. Kofia hadi kwenye nyusi. Alasiri Claire akafika kwa moto, pikipiki ya abiria, kikwembe kipya kiunoni! Mwanaume mrefu, tai shingoni, akamfungulia mwenyewe. Wakapeana mkono. Ujanja huo, kwa sababu ya watu. Wanasema nini mle ndani? Kwa kuwaza tu, bia ilipata moto mkononi mwangu.

Kando yangu alikaa bwana mmoja mpole, anaitwa Bienvenu, anakula mikeke, samaki wa ziwani, wa kuchoma. Akauliza kama nangojea mtu. Nikamweleza yote. Mtu nadra sana: anasikiliza! Nilimuuliza kazi yake, akasema anafanyia mawakili kazi ndogondogo. Bahati ilioje! Nikataka kujua kama jaji anakubali sauti iliyorekodiwa. Akajibu kwamba inategemea imepatikana vipi. Na kama muntu amepanda ukuta?

Akaweka samaki chini. "Papa Achille, minye siwezi kukushauri hivyo. Anayepanda ukuta wa watu anaitwa mwizi."

Mwoga kidogo. Lakini mtu mzuri.

Jumamosi, tarehe 8

Siku ya Délice. Claire alimleta asubuhi pamoja na dawa yake ya kikohozi. Mtoto anataka kuoga ziwani. Nikaahidi. Hatujatoka, Pudentienne akapita na habari: Claire amepanda moto, anaelekea Kavimvira. Ningefanya nini? Nikamwachia Délice mkate, na sinema kwenye simu ya mteja. Akauliza naenda wapi. Kazini, nikasema.

Ukuta si mrefu. Vipande vya chupa juu yake ndivyo ambavyo sikuviona. Suruali imechanika, na paja pia. Nikajibanza katikati ya migomba, chini ya dirisha. Sauti ya mwanaume: "Vumilia, Claire. Imebaki kidogo." Sauti ya Claire: "Nakuamini." Nimerekodi! Nimeshinda! Ikabidi kungoja hadi waondoke ndipo niweze kuruka tena.

Nilirudi jua likizama. Délice alikuwa mlangoni kwa Pudentienne, macho mekundu, ameshakula huko. Na nani kasimama barabarani? Bienvenu! Akanisalimia, akauliza kama mtoto yule ni wangu, na nilimwacha tangu saa ngapi. Tangu asubuhi, nikamwambia. Mtu anayejali hata watoto wa wengine! Uvira bado ina watu.

Ijumaa, tarehe 14

Tribunali. Mara yetu ya kwanza mbele ya jaji, mama mwenye miwani. Nikaomba kuonyesha ushahidi. Nikaweka simu mezani. "Vumilia, Claire..." Mara mlango ukafunguka, na yule yule mwanaume mrefu akaingia mbio, kanzu nyeusi mkononi. Nikamnyooshea kidole. Huyu hapa! Amejileta mwenyewe!

"Huyo ni Maître Sévère," jaji akasema. "Ni wakili wa bibi yako. Amechelewa tu."

Geti la kijani ni ofisi yake.

Jaji akauliza nilirekodi vipi. Nikasema kwa kupanda ukuta. Watu wakacheka hadi akagonga meza. Akaamuru nizime simu: mazungumzo ya mtu na wakili wake hayaibiwi, na Maître akitaka kunishitaki, ana haki.

Kisha Maître akaita shahidi. Bienvenu! Nikampungia mkono, nikidhani amekuja kunisaidia. Kumbe yeye ni mchunguzi, alitumwa na Maître aone Délice anakaa vipi kwangu. Jaji akamkazia. Uliingia kwake? Hapana. Ulishika simu yake? Hapana. Ulikuwa wapi? Barabarani, pamoja na wapita njia wote. Akaeleza alichoona, polepole, bila kuongeza chumvi: mtoto peke yake, mtoto analia mlangoni, jirani anamletea ugali na ndagala, baba hayupo mchana kutwa. Ningebisha vipi? Nimemwambia mwenyewe!

Claire hakupandisha sauti. "Weye Achille, alikungojea na taulo begani."

Hilo liliniuma kuliko paja.

Délice atakaa kwa mama yake. Mimi nitamwona Jumapili mchana, nyumbani kwa mama mkwe wangu.

Jumapili, tarehe 23

Mara ya kwanza kwa mama mkwe. Délice alinikimbilia! Akanifundisha mchezo wa kurusha mawe, akanishinda, tukacheka. Hata mama mkwe alicheka. Nilijiapiza nisipoteze Jumapili hata moja.

Ndipo Bienvenu akapita nje, shati limepigwa pasi, kakumbatia kuku mweupe. Kuku! Jumapili! Anampelekea nani? Nikamwambia mama mkwe nanunua Fanta. Délice akauliza kama narudi. Sasa hivi, nikasema.

Nimemfuata hadi Sange, mbali na Uvira; naandika haya kwenye kituo cha basi. Bienvenu ameingia kwa watu fulani na kuku wake, bado hajatoka. Basi la mwisho la Uvira liko mbele yangu, konvoya anaita abiria. Nimemwambia aende.

Kuku ni wa nani?