Fuawe ya Kimya

Jumatatu, 3 Machi

Binti yangu amepiga simu asubuhi. Jirani, yule nesi wa zamu ya usiku, amemlalamikia tena. Yeye analala mchana, mimi nafua chuma mchana, na ukuta wetu ni mmoja. Binti amesema nesi akimpigia mara moja zaidi, Jumamosi anakuja na mumewe, karakana inafungwa, nahamia kwao. Chumba kipo, kizuri, kina televisheni. Nimemwambia nimesikia.

Sihami. Miaka thelathini na minne nimeishi humu na mama yake. Miezi minane tangu afariki, bado nalala upande wangu wa kitanda.

Mpango: fuawe yangu ya kugongea inalia kama kengele ya shule. Nitatengeneza nyingine, isiyolia. Kwa muuza vyuma chakavu nimepata kipande cha reli, urefu wa mkono. Nimekibeba mwenyewe. Bega limegoma tangu saa nane.

Jumanne, 4 Machi

Reli ni ngumu kuliko nilivyodhani. Nimeichonga ncha kwa grenda, iwe na pembe ya kukunjia chuma. Grenda ina kelele kuliko fuawe kumi, lakini nilijiambia ni kazi ya dakika chache. Imechukua saa tano nzima.

Nesi akaja mlangoni, kitambaa kichwani, macho mekundu. Akauliza kwa upole wa kutisha natengeneza nini. Nikasema kitu cha kupunguza kelele, ili apate usingizi. Akasema: mzee wangu, kimalize au kiache, ila usiendelee kunisaidia. Nikamsihi asimpigie binti. Akasema leo hana hata nguvu ya kushika simu.

Nahesabu huo ni ushindi.

Jumatano, 5 Machi

Reli inalia. Nimeipigilia kwenye gogo, gogo nikalisimamisha ndani ya ndoo ya mchanga. Inalia. Nimeifunga mnyororo kiunoni. Inalia, na mnyororo unacheza.

Nikaenda kwa fundi redio wa mtaa wa nyuma, mtu ambaye hajawahi kukubali kwamba kufua chuma ni ufundi. Akasema hata mtoto wa shule anajua: bandika sumaku kubwa ubavuni mwa reli, mlio unakufa. Nikauliza sumaku naipata wapi. Nyuma ya spika, akasema, au unataka nije nikushikie na nyundo?

Spika ninayo moja. Iko ndani ya redio ya mama watoto.

Alikuwa akiiweka dirishani jikoni. Nikigonga, anaongeza sauti. Akiongeza sauti, nagonga zaidi. Hakuna aliyempunguzia mwenzake hata siku moja. Saa kumi akiizima, najua chai imeiva. Hata baada ya yeye kuondoka naiwasha kila jioni, nagombana nayo.

Nimeifuta vumbi, nikairudisha mahali pake. Haiguswi.

Alhamisi, 6 Machi

Nimeigusa. Skrubu nne na nyaya mbili tu. Nilimwomba radhi kwanza, kwa sauti, pasije pakawa na maneno baadaye.

Spika imeng'ang'ania reli kama kupe. Nikagonga. Mlio ukakatika palepale, kama mtu aliyeanza kucheka akakumbuka yuko msibani. Nimefua bawaba mbili mfululizo. Ng'ambo ya ukuta, mkoromo. Mkoromo mzuri, wa mtu mwenye afya.

Jioni mkono wangu ukawasha redio wenyewe. Taa yake ndogo ikawaka. Sauti hakuna. Nimekaa nayo kidogo. Chai sikupika.

Ijumaa, 7 Machi

Nimegonga tangu asubuhi na dunia haina habari. Saa tano nesi akaupiga mlango kwa viganja vyote viwili. Yuko peku. Akanishika kifundo cha mkono, akaanza kuhesabu mapigo. Akasema tangu jana hasikii nyundo wala redio, na kazini kwao anayenyamaza ghafla ndiye wanayemkimbilia.

Nikamwonyesha fuawe. Akacheka mpaka akakaa chini. Kisha akaacha kucheka. Akasema anisamehe sana, amekwisha kumpigia binti.

Jumamosi, 8 Machi

Wamefika saa tatu na masanduku mawili matupu. Mkwe akanishika bega, kwa bahati mbaya lile lililogoma. Binti hakutaka habari za sumaku. Akasema kama baba yake ameacha hata kugonga, mambo yamefika pabaya. Nikamwambia sijaacha, nagonga kimyakimya. Ndipo akaanza kulia.

Halafu akaiona redio mezani, tumbo wazi. Akasema: Baba, irudishe.

Nyaya mbili, skrubu nne. Nikairudisha dirishani jikoni. Redio ikakohoa, ikaongea, na mkwaruzo kidogo ambao haikuwa nao. Nikagonga reli mara moja, aone inavyolia ikiachwa hivihivi. Akaingia jikoni, akaongeza sauti. Nikagonga tena. Akaongeza tena. Tukaenda hivyo muda mrefu, mkwe kasimama katikati na masanduku yake. Akiwa mdogo, binti alikuwa akifanya hesabu za shule katikati ya vurugu hiyo, kwenye kigoda, vidole masikioni.

Nesi akagonga ukuta. Binti akamfuata, wakapatana. Nianze kugonga saa tisa, nesi akishaamka. Jumapili niende kwa binti kula. Nimekubali yote. Masanduku yamerudi garini matupu.

Jumapili, 9 Machi

Niko kwa binti. Nimekula, nimesifia, nimekuwa mgeni mwema.

Lakini saa tisa ni mbali mno. Kuanzia asubuhi nitakuwa natazama nini?

Sebuleni mkwe ana spika mbili ndefu kama milango. Mwenyewe amekiri hazijawashwa tangu harusi yao. Sumaku ya ndani haiwezi kuwa ndogo kuliko sahani. Nikamuuliza kama anazipenda. Akasema sana. Nikamuuliza kama anazipenda zote mbili.

Wametoka kidogo, wamefuata maziwa dukani. Naandika haraka. Bisibisi niliitia mfukoni tangu nyumbani. Moja nimeshaigeuza nyuma.

Skrubu ni nane tu.