Lengalenga Isiyogusa Udongo

Jumatatu, 6 Oktoba

Majani yamekuwa manjano. Yote! Na Mama Mushiya, mama mkwe wangu, anafika kutoka Tenke Jumamosi ya wiki ijayo.

Niandike mambo wazi, ili siku nikiwa maarufu watu waelewe. Barza ya nyumba yetu hapa Dilala ina mabomba matatu ya plastiki. Nimeyatoboa mimi mwenyewe. Kila tundu lina mche wa lengalenga, mchicha wa kwetu, mizizi inaning'inia majini. Hakuna udongo hata punje. Ndoo ya maji, pampu ndogo, basi. Pampu ni ile ya samaki niliowafuga kwenye hodhi la bafuni mwaka jana. Sitaki kuongelea samaki.

Mke wangu Joyeuse anaitaka barza hiyo kwa mashini yake ya kushona. Tumekubaliana hivi: mama yake akila mboga ya bustani yangu akashiba, barza ni yangu. Asipokula, mabomba yatoke, mashini iingie. Nilikubali haraka mno. Tangu mambo ya samaki, mama mkwe ananiita mkwe wa maneno. Nataka aniite jina lingine, hata mara moja tu.

Tata Mukalay, jirani, aliegemea ua akauliza: "Tata Ntambwe, ile mboga iko na bugonjwa, ao njo rangi yake?" Nikasema njo rangi yake. Yeye bado analima kwenye udongo, na lengalenga zake zinamfika kiunoni. Ushamba mtupu.

Jumatano, 8 Oktoba

Nimetazama video kwenye telefone. Bwana mmoja mwenye glovu anasema jani likiumwa, tazama mzizi. Nimetazama. Mizizi imekuwa ya kahawia, inateleza, inanuka soksi. Ndoo, kwa upande wake, imejaa kijani kizuri sana. Nikafurahi: hatimaye kitu kimeota! Kumbe huo ni mwani. Unakula chakula cha mimea, na unakuja kwa sababu ndoo yangu ni nyeupe, inapitisha mwanga. Ifunikwe kwa kitu cheusi.

Kitu cheusi pekee nyumbani ni kikwembe cha Joyeuse, kitenge chake cha kwendea matanga. Nikakifunga kwenye ndoo, kikakaa vizuri ajabu. Nani angejua kwamba leo kuna matanga Manika? Joyeuse alikikuta kimelowa chote. Ikabidi avae kikwembe cha harusi, chenye maua na ndege. Anasema wafiwa walimtazama kuliko walivyomtazama marehemu.

Ijumaa, 10 Oktoba

Umeme umekatika. Pampu kimya. Bwana wa glovu anasema mizizi isiyopata hewa huoza. Basi nikachukua mpira, ncha moja ndooni, ncha nyingine mdomoni, nikapuliza. Nilipuliza mpaka barza ikaanza kuzunguka.

Mukalay (hana kazi mtu huyu?) akataka kujua kama ni maombi ya kanisa jipya. Nikamwambia ni ufundi wa Ulaya. Akatikisa kichwa kwa huruma: "Kumbe ku Bulaya banateseka vile!"

Jumapili, 12 Oktoba

Baada ya misa, habari njema: majani mapya! Habari mbaya: manjano tena, mishipa peke yake ndiyo kijani. Bwana wa glovu anaijua alama hiyo. Mimea imekosa chuma, ipewe dawa ya chuma, kidogo sana.

Chuma! Nilicheka peke yangu. Bwana huyo hajui mimi niko wapi. Hapa ni Kolwezi. Hapa shaba ndiyo inayotulisha, inayotuvisha na kusomesha watoto wetu. Na jiwe la shaba lina rangi gani? Kijani! Kijani kuliko lengalenga yoyote, na hakuna aliyewahi kulimwagilia maji.

Sisi tunalo. Marehemu baba alilitoa shimoni siku yake ya mwisho kazini, na tangu zamani hizo linashikilia mlango wa chumba cha kulala, usio na komeo, usibamizwe na upepo. Nililishika kidogo mkononi. Kisha nikaleta nyundo. Samahani, baba, ni kwa heshima ya jina letu. Unga wote ndooni.

Jumanne, 14 Oktoba

Mlango unagonga. Pa! Pa! Joyeuse ameuliza jiwe liko wapi. Nimesema liko kazini.

Mimea imelala, yote, na mizizi imekuwa myeusi. Nikakubali kumweleza Mukalay, nusu tu. Alinitazama kama mtu aliyemeza mfupa. "Tata, pa kilima ya shaba miti haiotake. Njo vile bankambo balikuwa banajua pa kuchimba."

Ni kweli. Mababu walijua, kila mtoto wa hapa anajua. Hata mimi nilijua. Nilisahau kwa sababu ya furaha.

Ijumaa, 17 Oktoba

Imekufa yote. Nimekaa nayo kidogo. Nilikuwa na uchungu, nisifiche. Kesho yule mama atashuka na mizigo yake, ataangalia mabomba matupu, atavuta midomo, na mimi nitabaki mkwe wa maneno mpaka kaburini.

Halafu akili ikarudi! Nikapanda pikipiki ya taksi-moto mpaka soko la Manika, nikamwomba mama muuzaji lengalenga zenye mizizi yake. Nikazipanga kwenye matundu. Kabla ya kuzipanga nilimwaga maji ya shaba kwenye shimo la takataka, nikasugua mabomba na kutafuta ndoo nyingine. Mama mkwe kufa si sehemu ya mpango.

Bustani inang'aa. Joyeuse aliitazama, akakuna kichwa, akarudi jikoni. Amevutiwa.

Jumamosi, 18 Oktoba

Nitaandika haraka, kabla sijabadilisha habari.

Mama Mushiya alifika. Nilimsalimia kwa mbali, macho chini, kama inavyotakiwa. Kwetu watu wa Kasai, mkwe mwanaume hali mbele ya mama mkwe wake. Wakati wa kula yeye alikaa sebuleni na Joyeuse, mimi nikajificha chumbani na sahani yangu ya bukari, ugali wetu, sikio mlangoni.

Kabla hajaonja chakula alikwenda mwenyewe barzani kuchuma mboga. Nilidhani atakata majani. Aling'oa! Akarudi nayo sebuleni. Kisha sauti yake, polepole: "Joyeuse, hii mboga haigusake udongo. Na huyu nyungunyungu, alikuya na taksi-moto?"

Udongo! Nilisahau kuosha mizizi! Nikapaza sauti kupitia mlangoni kwamba Oktoba upepo wa Kolwezi unabeba vumbi jingi. Upepo ukanisikia. Ukaja. Mlango usio na jiwe ukafunguka, pa!, mpaka ukutani. Na mimi hapo nimesimama na singleti, fulana ya ndani tu, tonge limejaa shavuni, uso kwa uso na mama mkwe.

Hakuna aibu kubwa kuliko hiyo. Joyeuse alifunika uso. Nikatafuna? Nikameza? Nikasimama tu, shavu limevimba.

Kosa kama hilo hulipwa kwa mbuzi. Nikasema nitatafuta. Mama Mushiya akasema hataki mbuzi. Akauliza jiwe la baba yangu liko wapi, maana analikumbuka tangu siku ya mahari. Nikamwambia ukweli. Akautazama mlango. Kisha akasema baba yangu aliacha jiwe lenye kazi moja tu, ya kunifichia aibu, na mimi nimelisaga likawa chakula cha mboga. Hapo nililia kidogo. Nilisema ni pilipili.

Faini yangu: nibebe mashini ya kushona mpaka barzani, leo, mwenyewe. Nimebeba. Ni nzito kama dhambi. Lengalenga aliosha, akapika, akala yote. Ilitoka kwenye bomba langu! Nimemkumbusha Joyeuse. Amenipa sindano nimtungie uzi.

Jumatatu, 20 Oktoba

Mashini inaimba barzani. Mama Mushiya anakata vitambaa. Leo asubuhi alimwambia Mukalay kwamba mkwe wake ana mabega mazuri. Mabega! Ni jina jipya, nalipokea.

Nimejifunza mengi. Bustani ya maji si ya mchezo, na mtu asibomoe kumbukumbu ya baba yake kwa haraka. Mabomba nimeyahifadhi bafuni, juu ya hodhi. Kwa muda tu. Bafuni hamna mwanga mkali wa kuleta mwani. Hamna jirani. Bomba la maji liko pale pale.

Mukalay, mtu mwema licha ya yote, ametuletea tofali la kushikilia mlango. Limekaa hapo, jekundu kabisa. Nimelitazama tangu adhuhuri. Wekundu wa udongo wetu unatoka wapi? Kwenye chuma! Na bwana wa glovu alisema nini tangu mwanzo? Chuma!

Nimemuuliza Joyeuse nyundo iko wapi. Anasema hajui. Mama mkwe naye hajui. Wamekalia nini wale, mbona hawasimami?