Kistari Si Sifuri

Jumanne ile kopo la kupimia mvua lilijaa hadi likamwagika, na hakuna aliyekwenda kulitazama. Mpima mvua alikuwa amefariki alfajiri. Kwa miaka thelathini na moja, saa tatu kamili asubuhi, alitoka na kalamu yake hadi kwenye uzio mdogo nyuma ya shule, akapima, akaandika, kisha akarudi kunywa chai iliyokwisha kupoa. Siku hiyo saa tatu ilipita kama saa nyingine yoyote. Mjane wake alijikuta amesimama mlangoni na kikombe mkononi, hajui ampe nani.

Msibani aliyelia kuliko wote alikuwa mdogo wa marehemu. Mji ulimwita Kinanda, kwa sababu ukimgusa popote anatoa sauti tamu. Mtu huyu aliwahi kumuuzia bibi harusi mbegu za maua ya plastiki, na bibi harusi akamshukuru. Tusimhukumu upesi: machozi yake yalikuwa ya kweli. Ila jicho moja lilikuwa linalia na la pili liko kazini, na siku ya tatu ya msiba lile la kazini likaona rafu, na juu ya rafu madaftari thelathini na moja ya mvua.

Wakati huo mji ulikuwa umegawanyika. Kulikuwa na watu wa Imebadilika, wakiongozwa na muuza matangi, ambaye alihubiri kwamba mvua inakwisha duniani na kila nyumba ijiwekee matangi mawili mapema. Na kulikuwa na watu wa Ni Ileile, wakiongozwa na mwenye viwanja, ambaye alikuwa na bonde zima la kuuza. Yeye alisema mabadiliko ya tabianchi yametungwa na watu wa semina ili wapate soda za bure. Mvua ni ileile aliyonyeshewa babu yake, na babu yake alikufa mkavu. Kwa kinyozi watu walitoka wamenyolewa upande mmoja, kwa kuwa ubishi ulianza katikati ya kichwa. Mwishowe ukapangwa mdahalo ukumbini, Jumamosi ya wiki ya pili ya msiba, mwalimu wa jiografia awe mwamuzi.

Kinanda akaenda kwanza kwa muuza matangi, akavuta kiti karibu.

"Marehemu kaka aliandika kila tone," alimnong'oneza.

"Na madaftari yanasemaje?"

"Wewe ungependa yasemeje, mzee wangu?"

Muuza matangi akafunga mlango. Jioni hiyohiyo Kinanda alifanya mazungumzo hayohayo kwa mwenye viwanja, tofauti ikiwa tu kwamba kiti cha huko kilikuwa laini zaidi. Wa kwanza alimwahidi tangi jipya la lita elfu tano. Wa pili alimwandikia kiwanja bondeni, akakisifu kuwa kiko karibu na maji. Kinanda akarudisha ufunguo wa chumba alichopanga, akamwambia mwenye nyumba kwamba mtu mwenye ardhi yake hapangi kwa watu.

Kilichobaki ni shemeji yake. Alimkuta anakunja mashati ya marehemu, akamweleza kwa sauti ya chini kwamba madaftari yataliwa na mchwa, na kwamba yeye, kama damu ya marehemu, angependa kuyajalidi kwa mkono wake mwenyewe, akianza na ya miaka kumi ya mwisho.  Mjane alikuwa anamfahamu tangu akiiba sukari kwenye harusi yao.

"Chukua, shemeji," alisema. "Ijumaa yarudi hapa. Ila usiandike kitu humo. Kaka yako hakuwahi kuandika mvua ambayo hakuiona. Nyumba si yetu, shamba hatuna. Jina lake ndilo nililobaki nalo."

Kinanda akaapa kwa herufi zote.

Kunakili madaftari kumi mara mbili ndiyo kazi ngumu kuliko zote alizowahi kufanya, na ukiondoa nia yake, ilikuwa kazi ya heshima. Alivimba kidole. Nakala ya matangi aliipunguzia mvua kwa nusu, nakala ya viwanja akaigawia mvua ya upole kila mwezi, kisha akazipaka zote chai ya rangi zionekane za kale. Kitu kimoja tu kilimsumbua. Hapa na pale, mahali pa namba, marehemu alikuwa amechora kistari kifupi. Kinanda alikitazama kama fundi anavyotazama ukuta wenye ufa. Akaamua kwamba kaka alichoka, akaacha mwanya. Na mwanya ni mlango. Kwenye nakala ya matangi kila kistari akakifanya sifuri. Kwenye nakala ya viwanja kila kistari kikanyeshewa vizuri.

Jumamosi ukumbi ulijaa hadi madirishani. Muuza matangi alinyanyua madaftari akatangaza kuwa mkono wa marehemu mwenyewe umeandika ukame. Mwenye viwanja akanyanyua yake, akasema mkono huohuo umeandika neema. Watu wakatazamana. Ndipo mjane, aliyekuwa amekaa nyuma na kapu mapajani, akasimama na kuomba kwa mwalimu jambo moja dogo: kila upande usome tarehe kumi na nne ya mwezi wa tano, mwaka wa sita katika ile kumi.

"Sifuri," akasoma muuza matangi.

"Milimita ishirini na nane," akasoma mwenye viwanja.

Ukumbi ukaangua kicheko. Kinanda hakucheka, alianza kuutafuta mlango kwa macho, lakini mbele yake walikaa wanawake wa mtaa mzima. Mjane akatoa kapuni daftari halisi la marehemu, lililorudishwa Ijumaa, akampa mwalimu. Mwalimu akalitazama, akasema hapa pana kistari tu.

"Kistari si sifuri," mjane alisema. "Sifuri maana yake alikwenda, akatazama, hakukuta kitu. Kistari maana yake hakwenda. Siku hiyo tulikuwa makaburini, tunamzika binti yetu. Na wewe, shemeji, ulibeba jeneza kwa mbele. Umesahau?"

Kinanda, kwa mara ya kwanza tangu ajue kusema, hakutoa sauti.

Mwalimu akauliza taratibu kama siku hiyo mvua ilinyesha.

"Ilinyesha sana," mjane alijibu. "Tulirudi tumelowa. Lakini hakuipima, basi hakuiandika."

 Mwalimu akaketi na madaftari yenyewe kumi yaliyokuwa kapuni, akajumlisha ubaoni mbele ya wote, mwaka baada ya mwaka. Jumla ya maji ilikuwa karibu sawa. Siku za mvua ndizo zilizopungua, kutoka tisini na kitu hadi arobaini na kitu. Maji yaleyale yalikuwa yanashuka kwa nusu ya siku za zamani, yaani kwa ndoo badala ya kikombe. Mwenye viwanja akaruka kuwa si alisema ni ileile. Muuza matangi naye akadai ushindi, kwani imebadilika. Wakabishana mpaka mtu mmoja akauliza ndoo hizo zikishuka zinaelekea wapi, na vichwa vyote vikageuka kuelekea bondeni.

Tangi Kinanda hakuliona. Kiwanja alijaribu kukirudisha, lakini mwenye viwanja, ambaye tangu siku hiyo hajapata mnunuzi hata mmoja, alimwambia mkataba ni mkataba, na wajanja huheshimiana.

Sasa Kinanda anaishi bondeni katika chumba kimoja cha matofali. Mvua ikizidi milimita arobaini hubeba godoro kichwani na kupanda kwa shemeji yake, na shemeji humfungulia.