Moto wa Televisheni

Jumatatu, 3 Machi

Mwanangu Fintan anaota jino. Sijalala. Na wifi yangu Dympna bado amekalia kiti changu! Alhamisi muziki ukipigwa baa ya Garvan, pale kona ni pake, yeye na fidla yake inayolia kama paka aliyefungiwa nje. Kiti cha kona hakiombwi. Unaitwa. Tangu nijifungue sijaitwa.

Ila habari njema! Watu wa televisheni wanakuja Alhamisi kutupiga picha kwa sikukuu ya Mtakatifu Patrick. Ireland nzima ikiniona na kodiani yangu, nani ataninyima kiti? Nikampigia mkuu wao. Akauliza kama tunapiga mbele ya moto. Nikamwambia kila wiki, bwana! (Tuna hita ya umeme.)

Jumatano, 5 Machi

Mwanamke wa Ireland kwenye televisheni huwa na nywele nyekundu na mtandio wa sufu. Mimi nina nywele za rangi ya panya na fulana iliyotapikiwa. Nimepaka rangi. Karoti tupu! Fintan kupiga yowe. Mume wangu Cathal akauliza mgeni kafika saa ngapi. Nyamaza, Fintan, roho yangu, ni mama. Utazoea. Mtandio: blanketi la Fintan.

Alhamisi, 6 Machi

Nikauwasha moto mwenyewe kwenye meko ya zamani ya baa. Nani angejua kunguru wamejenga kiota ndani ya dohani? Moshi! Baa nzima nje, tunakohoa. Mkuu wa televisheni akamsimamisha Dympna ukutani pamoja na kondoo aliyekuwa akipita barabarani, akasema hii ndiyo Ireland yenyewe. Dympna akanikonyeza. Machozi yakanitoka, nikasingizia moshi.

Mzee Malachy, kiongozi wetu wa muziki, akasema kamera zibaki na kondoo, sisi twende jikoni. Akavuta kiti kando ya sinki la viazi. Akanigeukia: binti, tulikuacha ulee, tukadhani utakuja ukiwa tayari. Hebu vua blanketi hilo, unafanana na mtu aliyeopolewa mtoni. Haya, anzisha.

Nikaanzisha! Fintan akalala mapajani kwa Malachy. Hakuna aliyetupiga picha. Nikashusha pumzi niliyoibana miezi saba, tangu nijifungue.

Ijumaa, 7 Machi

Tangazo la kipindi limetoka. Dympna yupo, kondoo yupo, ila fidla inayosikika ni ya mtu mwingine! Maskini wifi. Nimempelekea mkate wa zabibu.

Kiti ninacho. Kujipamba kwa ajili ya watu wale, basi. Kamwe!

Jioni Cathal kaleta habari: wiki ijayo wanakuja watu wa redio.

Blanketi nimeshalifua. Rangi ya nywele imebaki nusu chupa.