Chotara wa Mkufu

Jumatatu, 3 Machi
Mkufu ametaga! Nimeyatazama mayai mpaka chai ikapoa. Laiti marehemu mke wangu angeyaona. Mkufu alikuwa nyoka wake: mwekundu, mpole, hana sumu. Mke wangu alimvaa shingoni huku akichambua mchele, ndipo akampa jina. Baba wa mayai ni yule wa milia wa shemeji yangu, kaka wa marehemu. Amekaa hapa mwezi mzima. (Nyoka, si shemeji.) Watoto watakuwa wekundu wenye milia. Hakuna mwenye nyoka kama hao mtaani. Kinyozi, anayejishaua na joka lake la dirishani, atakoma!

Jumanne, 4 Machi
Nimepita kwa kinyozi. Kwa bahati tu. Amecheka mpaka akamsahau mteja na povu shavuni. Mzee wangu, akasema, hao chotara una kibali nao? Nikamwambia wekundu hawahitaji kibali. Akasema wa milia wanahitaji. Nikasema mtoto humfuata mama. Tangu lini, akauliza. Nimeondoka nikiwa mshindi, nadhani.

Jumatano, 5 Machi
Nimepiga simu ofisi ya wanyamapori, eti nauliza kwa niaba ya rafiki. Afisa ni binti mwenye sauti nzuri. Amesema chotara huhesabiwa kama mzazi mwenye masharti makali zaidi. Kibali cha kufuga, kama alicho nacho shemeji, hakiruhusu kuzalisha. Ukizalisha, wanachukuliwa wote: baba, watoto na mama.
Mama! Mkufu wangu!
Nikasema rafiki yangu hakujua. Akauliza rafiki anaitwa nani, anakaa wapi. Nikamtajia. Jina langu, mtaa wangu, hata rangi ya geti. Nikiulizwa kwa adabu, hujibu vizuri.

Alhamisi, 6 Machi
Afisa anakuja kesho. Nimemwomba shemeji aje kumchukua nyoka wake. Amesema ana mafua. Mafua ya ghafla sana! Basi, mpango wangu: mayai kwenye trei ya mayai ya kuku. Wa milia kwenye tenga la nguo chafu. Mkufu kabatini, ndani ya koti la marehemu. Koti hilo sijaweza kulitoa. Mfukoni bado kuna pipi zake za kikohozi.

Ijumaa, 7 Machi
Afisa kaingia, kaiona trei, kauliza ni kuku gani hawa. Nikasema wa kisasa. Baba, akasema, na huyo anayepita nyuma yako ni jogoo? Mkufu alishatoka kabatini.
Nikakiri yote. Nikamsimulia hadi habari za mchele na shingo, ambazo hakuniuliza. Alisikiliza bila kutazama saa. Kisha akayamulika mayai kwa tochi, moja baada ya jingine. Hakuna hata mshipa wa damu ndani. Matupu! Akataka kumwona bwana harusi. Akamtoa tengani, akamkagua mkiani, akacheka mpaka akatafuta kiti.
Ni jike. Shemeji amefuga jike miaka yote akijisifu ana dume la shoka! Majike wawili hawazalishi, kwa hiyo hakuna kosa. Mkufu anabaki. Nimelia kidogo, afisa akajifanya anashughulika na chai. Mlangoni amenionya: baba, nikisikia tena habari za chotara hapa nyumbani, Mkufu naondoka naye.

Jumapili, 9 Machi
Shemeji amekuja kumchukua wake, mafua yamepona. Anadai afisa amekosea. Naandika Mkufu akiwa shingoni. Kumbe mzito hivi! Marehemu hakulalamika hata siku moja. Nyumba imetulia, nami nimetulia. Sitaki makuu tena.

Jumatatu, 10 Machi
Ila nimeyatafakari maneno ya afisa. Alikataza chotara hapa nyumbani. Saluni hakuitaja.
Kinyozi amekubali joka lake liwe bwana harusi, mradi watoto tugawane. Nikamuuliza, maana sasa mimi si wa kudanganywa, kama ana hakika lake ni dume. Mzee wangu, akasema, mtazame tu alivyo mvivu. Nimemtazama asubuhi nzima. Kweli, mvivu sana. Kesho nampeleka Mkufu.